Kupanga yote mwanzo, kwenda kwa vipande, au ubao wa chaki: mradi wako unataka staili gani?

Mwaka jana mwezi wa nne nilikuwa nimesimama sebuleni kwenye nyumba ya dada yangu kule Moshono, Arusha, mvua inapiga bati, fundi umeme anatindua ukuta uliopigwa lipu siku tisa tu nyuma, vumbi la simenti limejaa mpaka kwenye kope, dada kasimama mlangoni kashika kichwa. Sababu yenyewe ndogo, bomba za waya za upande wa jikoni hazikuwekwa kabla ya lipu kwa vile mpaka siku ile hakuna aliyekuwa ameamua friji linakaa wapi na jiko linakaa wapi. Ukuta ule tukaulipia lipu mara mbili, fundi naye mara mbili, na wiki mbili zikaenda hivihivi.

Wiki hiyohiyo huku mjini nilikuwa nasimamia vijana wawili wanaotengeneza mfumo wa bukingi wa ofisi moja ya utalii, na kule tulikuwa tunabadilisha mawazo kila baada ya wiki mbili na hakuna aliyeumia, tena kubadilisha ndo kulikuwa kunatuokoa. Msimamizi ni mimi yuleyule, wiki ni ileile, ila Moshono kubadilisha mawazo ni hasara na mjini ni faida.

Toka hapo nimeacha kabisa kubishana na watu "staili gani ya kuendesha mradi ni bora". Nauliza kitu kimoja: hapa katikati ya kazi nikibadilisha mawazo itanigharimu nini? Jibu la hilo ndo linanichagulia. Na kwa kuwa naona watu wengi hapa Arusha na Moshi wanaanza miradi, ya nyumba, ya programu, ya ofisi, ya vikundi, wanachukua staili waliyoikuta kwenye kozi au waliyoiona kwa jirani bila kupima, nimeona niziweke tatu pamoja, ninazozitumia mwenyewe, uone ipi inakufaa.

Kwanza jua kipi hakisogei

Kabla hujachagua staili kuna vitu vitatu vinavutana kwenye kila mradi: muda, hela, na ukubwa wa kazi. Ukigusa kimoja vingine viwili vinatikisika, na ukivibana vyote vitatu kwa nguvu basi anayelipa ni ubora, yaani kazi inaisha kwa wakati na kwa hela ileile ila baada ya miezi sita ukuta una nyufa.

Hili mbona tunalijua vizuri tu, nenda kwenye kikao chochote cha kamati ya harusi pale Moshi. Tarehe imeshatangazwa kanisani, haisogei. Hela ziko kwenye daftari la ahadi, na kila mweka hazina anajua ahadi siyo hela. Kwa hiyo kilichobaki kusogea ni ukubwa: watu 300 au 220, mapambo ya aina gani, vinywaji kiasi gani, ndafu mbili au moja. Niliwahi kukaa kwenye kamati ambayo mwenyekiti, mama mmoja mtu mzima sana, alisimama kikao cha tatu akasema "jamani, tukifika wiki tatu kabla ya shughuli na michango haijavuka hapa, tunakata mapambo na mziki, ndafu haiguswi, wakwe wataifuata". Watu wakaguna lakini ikaandikwa kwenye muhtasari. Wiki ya tatu michango kweli haikuvuka, mapambo yakakatwa bila ugomvi maana kila mtu alishasikia. Yule mama hajakaa darasa lolote la miradi, na alifanya kitu ambacho mameneja wengi wenye vyeti wanashindwa, aliamua kitakachoachwa mapema kabla presha haijapanda.

Nyumba ni kinyume chake, hapo hela ndo haisogei, mshahara ni huohuo na mkopo wa SACCOS una kikomo, kwa hiyo muda unasogea na ndo maana unaona maboma mengi kule Olasiti na Muriet yamekaa miaka bila bati. Uwanja wa AFCON unaojengwa pale Olmoti wenyewe ni kama harusi, mashindano ni 2027 na tunaandaa pamoja na Kenya na Uganda, tarehe ya kupokea wageni haiwezi kumsubiri mkandarasi.

Kwa hiyo chukua karatasi uandike juu kabisa: kisichosogea ni hiki, kinachosogea kidogo ni hiki, kinachosogea ni hiki. Usiandike vyote viwili vya kwanza kwamba havisogei, hapo utakuwa umeandika matamanio.

Njia ya maporomoko

Hii ndo ya kupanga yote mwanzo. Watu wa programu wanaiita kwa jina la maporomoko ya maji, na kwa mtu wa huku jina linaeleweka haraka, nenda Materuni kule Uru usimame chini ya yale maji, yakishashuka hayarudi juu. Unamaliza hatua moja, unaifunga, unaingia inayofuata. Mwaka 1970 Mmarekani mmoja anaitwa Winston Royce alichora hatua hizi kwa ajili ya programu kubwa za kompyuta, na kitu ambacho wengi hawakitaji ni kwamba yeye mwenyewe kwenye andiko hilohilo alisema kuzifuata hivyo kavukavu bila kurudi nyuma ni hatari.

Kwa programu alikuwa sahihi. Kwa zege sasa, utarudi nyuma wapi? Setting (kupima na kuweka alama chini), msingi, jamvi (zege la sakafu), tofali, linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kupaua, bomba za umeme na maji, lipu, dari, marumaru, rangi. Mpangilio huu haukuletwa na mtu anayependa makaratasi, umeletwa na vitu vyenyewe. Zege nguvu yake kamili inahesabiwa siku ya 28, na siku saba za mwanzo unatakiwa uwe unalimwagilia maji, hata umwongeze fundi hela mara mbili haliharakishwi. Ukishamwaga jamvi halafu ukakumbuka bomba la choo cha master, utalivunja. Kwa hiyo mabadiliko yote yafanyie kwenye mchoro, kule kufuta ni bure.

Na hapa ndo mahali pa kujifunza hesabu moja ambayo mi naona kila anayejenga angetakiwa aijue. Kuna kazi ambazo zikichelewa siku moja mradi mzima unachelewa siku moja, na kuna kazi zina nafasi ya kupumua. Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ya Marekani pamoja na watu wa kompyuta wa Remington Rand walitengeneza njia ya kuzitafuta hizo kazi zisizo na pumzi, mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani likaja na ya kwake inaitwa PERT kwenye mradi wa makombora ya Polaris. Walikuwa na mashine kubwa za hesabu, mi nimefanya kwenye kaunta buku juu ya tofali kule Moshono na ikatosha. Angalia: linta imwagwe siku 1, fundi wetu alitaka ikae siku 14 ndo apandishe kenchi (fremu za mbao za paa), kenchi siku 4, bati siku 3, jumla siku 22. Upande wa pili grili za madirisha, kwa fundi wa kuchomelea siku 12, kuzifunga siku 2, jumla 14. Zote zinaanza siku moja. Maana yake grili zina siku 8 za kupumua, yule fundi wa kuchomelea akikuzungusha wiki nzima na ngonjera za umeme kukatika, nyumba haijachelewa hata siku moja. Linta yenyewe ikichelewa siku moja kwa sababu nondo hazijafika, paa limechelewa siku moja. Dada alikuwa anapiga simu kila asubuhi kugombana na mtu wa grili, halafu mtu wa nondo hakuna aliyempigia. Tulipoiona kwenye kaunta buku ilibidi tugeuze simu.

Uzuri mwingine wa staili hii ni bei. Ukiwa na mchoro kamili na BOQ (orodha ya kazi na vifaa vyote pamoja na vipimo vyake) unaweza kumwambia fundi taja bei ya kazi nzima, ukalinganisha mafundi watatu kwa kitu kilekile. Bila hivyo kila fundi anakupa bei ya nyumba aliyoiota yeye. Ila hata na BOQ weka akiba pembeni, mi huwa naweka asilimia 10 mpaka 15, na kalenda ya kwetu iangalie, masika ya mwezi wa tatu mpaka wa tano usiipangie kuchimba msingi kama eneo lako ni udongo mfinyanzi, mtaro unajaa maji usiku mmoja, asubuhi vijana wanashinda wanachota badala ya kujenga na posho ya siku inakwenda vilevile.

Ubaya wake? Inadai ujue unachotaka mapema, na watu wengi hatujui. Lile friji la dada halikuwa kosa la fundi umeme, lilikuwa uamuzi ambao ulitakiwa ufanyike mezani mwezi wa kwanza ukaachwa mpaka ukuta ukakauka.

Kwenda kwa vipande

Huku ndo kwenye maneno ya ajaili (agile) na skramu (scrum) ambayo vijana wa programu wanayapenda. Mwezi wa pili mwaka 2001 watu 17 wa kazi hizo walikutana Snowbird, Utah, wakaandika tamko fupi la hiyo ajaili, kwamba programu inayofanya kazi ina uzito kuliko makaratasi manene, na kuitikia mabadiliko kuna uzito kuliko kung'ang'ania plani. Hawakusema plani haina maana, walisema hiyo nyingine ina uzito zaidi, na hapa wengi wanasoma nusu wanaacha nusu. Fundi anayekwambia "tutaona mbele kwa mbele" hafanyi ajaili, hajapanga tu.

Skramu yenyewe, iliyowasilishwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland mwaka 1995, ina utaratibu mkali kuliko watu wanavyodhani. Unagawa kazi kwenye mizunguko inaitwa sprinti, kila mmoja hauzidi mwezi, wengi tunafanya wiki mbili. Mwanzo wa mzunguko mnakubaliana kipande kidogo, mwisho wa mzunguko hicho kipande kinafanya kazi kweli na mteja anakishika kwa mkono wake, siyo picha wala maelezo. Halafu mnaamua kipande kinachofuata kutokana na mlichojifunza.

Sasa nikwambie kile kilichotokea kwenye ofisi ya utalii. Kabla yetu walishampa kazi mtu mwingine kwa staili ya maporomoko, dokumenti ndefu, sahihi kila ukurasa, nusu ya hela mbele, kimya miezi saba, halafu mfumo ukaletwa. Kila kilichoandikwa kilikuwepo. Dada wa reservesheni akakaa, akaanza kuingiza familia moja, akauliza "hawa watoto wawili, mmoja miaka minne mwingine kumi na moja, bei zao zinawekwa wapi?" Hapakuwa na pa kuweka. Hakuna aliyelifikiria kwenye dokumenti, na yeye anayefanya hiyo kazi kila siku hakuulizwa. Ndani ya wiki ofisi nzima ilisharudi kwenye Excel.

Sisi tukaanza na kitu kimoja tu, kutoa kotesheni, yaani bei ya safari anayotumiwa mgeni. Hakuna risiti, hakuna ripoti, hakuna malipo ya kadi. Baada ya wiki mbili tukamkalisha dada yuleyule mbele ya kompyuta, sisi tukakaa kimya tunaangalia mikono yake. Dakika ya tatu akafungua wasap pembeni akaanza kunakili kitu kwenye karatasi. Nikamuuliza, dada unaandika nini hapo? Akasema ndege ya mgeni inatua KIA usiku, kwa hiyo lazima alale usiku mmoja mjini kabla ya safari kuanza, na kotesheni yenu inaanza asubuhi langoni Tarangire. Kipande hicho kilibadilishwa kwa siku mbili. Kingekuwa kimejengwa juu yake ghorofa tano za mambo mengine, kingebadilishwa kwa miezi miwili.

Ila usidanganyike kwamba ni rahisi. Staili hii inataka mwenye maamuzi awepo, awepo kweli, siyo "nitumie email". Bosi wa ile ofisi alikuwa na safari nyingi, mzunguko wa nne hakutokea, tukakisia anachotaka, tukafanya kazi wiki mbili, aliporudi akasema sivyo, tukaifuta yote. Kosa lilikuwa letu sote, tulitakiwa tusimame tumsubiri au yeye aache mtu mwenye ruhusa ya kusema ndiyo na hapana. Tokea hapo nikiandika mkataba wa kazi kama hii jina la mtu huyo linaandikwa kabisa pamoja na saa zake za kila wiki.

Tatizo la pili ni lile swali la mteja, "kwa hiyo jumla itakuwa shilingi ngapi?" Huwezi kujibu kwa uhakika, na ukijibu kwa uhakika umesema uongo. Unachoweza kusema ni mzunguko mmoja unagharimu kiasi hiki, na tarehe fulani utakuwa na kitu kinachofanya kazi. Sisi tarehe ilikuwa maonesho ya utalii ya Kilifair mwezi wa sita, haisogei ile, mawakala wa nje wanakuja wenyewe. Tulipoona muda unabana tukakata malipo ya kadi, tukabaki na kotesheni na ankara. Kama yule mama na ndafu yake.

Ubao wa chaki

Hizo mbili zote zinadhani kazi ina mwanzo na mwisho. Kuna kazi hazina, zinamiminika tu kila siku: gereji, fundi cherehani wakati wa sare za shule, ofisi ya viza, duka la kuchapisha. Huwezi kuipangia gereji mwaka mzima maana hujui gari gani litavunjika spring kesho kule Ndutu.

Jamaa yangu ana gereji Unga Limited, anashughulika na Land Cruiser za safari, breki, springi, paa za kufunguka. Nilipoenda mara ya kwanza nikakuta magari 12 yamefunguliwa kwa pamoja. Kila mteja akija, ili asiondoke, fundi anafungua gari kidogo, anatoa tairi, mteja anaona kazi imeanza. Halafu spea haipo. Linalala. Bolti za gari hili zimefungwa kwenye gari lile, boneti ya mtu imeegeshwa kwenye mti, na mafundi siku nzima wanahama kutoka gari moja kwenda jingine kulingana na nani kapiga simu kwa hasira.

Tukaweka ubao mweusi ukutani, chaki, safu tano: linasubiri, linafanyiwa kazi, linasubiri spea, linajaribiwa, tayari. Kila gari ni namba zake kwenye kipande cha boksi. Mpaka hapo ni picha tu. Dawa ilikuwa sheria moja, magari yaliyoguswa na hayajatoka yasizidi sita. La saba likija linaoshwa vumbi, linaegeshwa, funguo kwenye msumari, na mteja anaambiwa ukweli tutaligusa siku gani.

Wazo hili lilikomaa Toyota miaka ya 1950 chini ya Taiichi Ohno, kadi zao ndo zinaitwa kanban, na alilipata kwa kufikiria supamaketi za Marekani zinavyojaza rafu, unaongeza pale tu kilipochukuliwa. Hesabu yake nayo ipo, John Little aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya vilivyomo ndani gawanya kwa vinavyotoka kwa siku, unapata wastani wa siku ambazo kila kimoja kinakaa. Gereji ile inatoa gari moja kwa siku. Yakiwa 12 ndani, kila gari linakaa siku 12. Yakiwa 6, siku 6. Mafundi walewale, masaa yaleyale. Fundi mkuu, mzee wa miaka mingi kwenye hizo kazi, alikataa kabisa wiki ya kwanza, akasema nikikataa gari wateja watahama. Nikamwambia mzee wangu, huwakatai, unawapa tarehe ya kweli. Baada ya mwezi alianza yeye mwenyewe kumkemea kijana anayefungua gari la saba.

Na ile safu ya "linasubiri spea" ikamwonyesha kitu ambacho hakuna ripoti ingemwonyesha, vipande vya boksi vilirundikana pale kila Jumatatu. Spea zilikuwa zinaagizwa Jumamosi jioni na maduka yanafungua Jumatatu. Wakahamisha kuagiza kwenda Alhamisi.

Tuziweke uso kwa uso

Kwenye malipo, nyumba lipa kwa hatua inayoonekana kwa macho, msingi ukiisha lipa msingi, linta ikiisha lipa linta, usilipe kwa wiki maana wiki zitaongezeka. Programu lipa kwa mzunguko na ubaki na haki ya kusimama mzunguko wowote. Gereji kila kazi na bei yake.

Kwenye kugundua kosa ndo kuna tofauti kubwa. Kwa maporomoko kosa unaligundua ama kwenye mchoro ama umeshachelewa, katikati hapana, ndo maana saa nzima ya kukaa na mchoro na mama mwenye nyumba, ukimtembeza chumba kwa chumba kwa kidole, hapa unaingia, swichi unaishika wapi, kitanda kinatazama wapi, ina thamani kuliko ziara kumi za saiti. Kwa vipande unaligundua ndani ya wiki mbili. Kwa ubao unaona rundo.

Vikao: saiti mara moja kwa wiki inatosha kama hatua zimeandikwa. Skramu ni dakika 15 kila siku na watu wasiozidi kumi hivi, wakizidi hapo inakuwa baraza. Ubao dakika tano asubuhi mmesimama mbele yake na chai mkononi.

Kama mradi wako ni wa wafadhili, na hapa Arusha tuna mashirika mengi, mara nyingi hujaachiwa kuchagua, bajeti imepitishwa mstari kwa mstari na malengo ya mwaka yameandikwa, hiyo ni maporomoko. Lakini ndani ya robo mwaka unaweza kabisa kwenda kwa vipande, fanya mafunzo kwenye kijiji kimoja kule Monduli kwanza, ona kilichokwama, ndo uende vingine tisa.

Kuhusu apu gani utumie sitakaa sana. Kaunta buku, Excel, ubao, apu ya kulipia, vyote vinafanya kazi kama vinafunguliwa kila siku. Grupu la wasap peke yake halifanyi, uamuzi wa Jumanne ukifika Ijumaa umeshafunikwa na salamu na picha za misiba.

Na vyeti? PMI, chama cha mameneja wa miradi cha Marekani, kipo toka 1969 na cheti chake cha PMP toka 1984, Waingereza wana PRINCE2 toka 1996. Kama unatafuta ajira kwenye mashirika au makandarasi wakubwa vinasaidia. Kama unajenga nyumba yako Ngaramtoni, nunua muda wa mkadiriaji majenzi, hiyo hela itarudi haraka.

Ukiwa katikati, changanya

Kiukweli miradi mingi siyo ya rangi moja. Chochote kinachokauka, kinachochimbwa, kinachosainiwa serikalini, panga mwanzo. Chochote ambacho mtu atakijua akishakitumia, nenda kwa vipande. Vinavyomiminika, ubao.

Nyumba yenyewe mpaka lipu ni maporomoko, ila umaliziaji siyo lazima. Huku kwetu watu wengi wanahamia kwenye chumba kimoja, na wengine wanaona aibu, mi naona ni akili nzuri sana ikifanywa kwa utaratibu. Kipande kimoja kilichokamilika: chumba, choo, maji yanatoka, taa inawaka, mlango unafungwa. Siyo vyumba vitano vyote vimepakwa rangi nusu. Baada ya lile la jikoni dada alifanya hivyo, akamaliza chumba chake na choo tu, akahamia mwezi wa nane. Kulala mle wiki tatu kukamfundisha kwamba baridi ya usiku inaingia na upepo kupitia upande wa mlimani, akabadilisha aina ya dari kwa vyumba vilivyobaki kabla hajanunua hata ubao mmoja. Uamuzi ule asingeweza kuufanya kwenye mchoro, na haukumgharimu kitu.

Fensi tunaanza mvua zikikata. Jumapili iliyopita tulikaa naye uani na mchoro, tukaweka alama za taa nane, kengele ya geti na bomba la maji ya bustani, na fundi umeme tulimwita aje aone kabla mtaro haujachimbwa. Amesaini kwenye kaunta buku.